Punda wa Euless

Maharage yaliyokesha motoni hunukia tofauti na maharage yaliyopikwa kwa haraka. Yana harufu nzito, ya udongo na nyama na kitunguu kilichokwisha kuyeyuka, harufu inayokupokea mlangoni kabla ya mwenyeji. Juma lililopita niliikuta nyumbani kwangu, kwa kuwa binti yangu alikuwa amesahau kuzima sufuria ya umeme tangu jioni iliyotangulia. Badala ya kumkemea, kama ilivyo desturi yangu, nilisimama pale na mkoba begani, moyo ukinienda mbio kama wa mtoto anayesubiri kitabu kifunguliwe.

Wenzangu wa rika langu, mliolelewa katika nyumba za kupanga za Texas na wazazi waliopishana mlangoni kama walinzi wa zamu, mtanielewa. Baba aliendesha malori ya masafa marefu, na tulimjua zaidi kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Mama alisomea uuguzi jioni, na mchana aliwatunza wazee majumbani mwao. Tulikuwa tumetoka Houston, tukapanga Euless, mahali ambapo ndege zilipita juu ya paa zikiwa tayari zimeshusha magurudumu. Jumamosi shule ilifungwa, na hapakuwa na wa kuniachia. Basi nilipakiwa garini na kupelekwa kaskazini mwa Dallas, nyumbani kwa Bibi Zelda, mmoja wa wazee aliowatunza.

Bibi Zelda alikuwa mjane wa Kiyahudi, mzaliwa wa Texas, na Kiingereza chake kilitembea polepole kama mtu aliyeazima viatu. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na pembeni tu. Katikati ya kila kitu, alisema, palikaa doa la kijivu, hivi kwamba aliyaona masikio yangu lakini hakuuona uso wangu. Kwake Sabato iliingia Ijumaa jua linapozama. Taa zilizokuwa zikiwaka ziliachwa ziwake. Simu iliita hadi ikachoka yenyewe. Juu ya jiko palitandazwa bati, na juu ya bati ilikaa sufuria ya maharage, shayiri na nyama, iliyotiwa motoni tangu jana yake, maana siku hiyo hapakupikwa. Mama, ambaye hakuweza kuishi bila chai ya maziwa, aliinywa nje uani kama mtu anayevuta sigara kwa siri, kwa sababu katika jiko lile maziwa na nyama havikuonana hata kwenye kijiko kimoja.

“Hawa watu wana masharti kuliko shule ya bweni,” aliniambia siku ya kwanza. “Lakini nyumba yao imetulia. Nekesa, usiguse kitu.”

Nilichoruhusiwa kugusa kilikuwa kitabu.

Kilikuwa kikubwa kuliko mapaja yangu, Kiebrania upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Bibi Zelda alinieleza kwamba Torati yote ya Musa imegawanywa kwa majuma ya mwaka. Kila juma lina fungu lake, na Wayahudi wa dunia nzima husoma fungu lile lile Jumamosi ile ile. Huruki, wala hutangulii. Tangu macho yamwache njiani, alikuwa akilisikiliza fungu kwa sauti ya mtu mwingine, na mwaka ule sauti hiyo ikawa yangu. Mimi nilisoma Kiingereza. Yeye alifumba macho, midomo yake ikinifuata kwa Kiebrania alichokariri tangu usichana. Nilipomaliza aliipiga meza kwa kidole.

“Haya, mpenzi wangu. Juma hili linataka nini kutoka kwetu?”

Katika Shule ya Jumapili ya kanisa letu la Wakenya tulikariri aya, tukapewa peremende. Hakuna aliyewahi kuniuliza maandiko yanataka nini. Swali lile lilinisisimua kama mtu aliyeambiwa kwamba picha ya ukutani imemwita kwa jina. Nami nililielewa kwa akili ya kitoto. Niliamini kwamba fungu la juma lilikuwa tangazo: yale tuliyoyasoma Jumamosi yangetufikia sisi wenyewe kabla ya Jumamosi nyingine.

Msinicheke, ushahidi ulikuwa wa kutosha. Juma la gharika ya Nuhu, bomba la jirani wa juu lilipasuka na dari yetu ikavuja hadi tukasimamisha ndoo sebuleni. Juma ambalo Ibrahimu aliwakimbilia wageni watatu mlangoni mwa hema lake, familia ya Kikongo ililetwa kwenye nyumba iliyopakana na yetu, mama mmoja na watoto watatu, wameshika mifuko ya plastiki na mablanketi mapya. Mama yangu aliwatazama dirishani, akaepua ugali na sukuma wiki tuliyokuwa tunataka kula, akawapelekea. Niliruka-ruka kwa furaha. Wageni watatu wa Ibrahimu, na mama yao juu! Na juma la Yusufu na kanzu yake ya rangi nyingi, kanisa liligawa makoti ya mitumba, nami nikaangukiwa na koti la rangi saba. Baada ya koti lile, hakuna nabii ambaye angenibadilisha mawazo.

Mama wa Kikongo tulimwita Mama Furaha, kwa jina la binti yake mkubwa, ambaye alikuwa rika langu. Mume wake alibaki Kongo, nasi watoto tulifundishwa kutouliza alibaki vipi. Jikoni kwake kulinukia mafuta mekundu ya mawese na majani ya muhogo. Kiswahili chao, chenye “miye” na “weye” na vipande vya Kifaransa, mwanzoni nilidhani kinaimbwa. Mama na Mama Furaha walisukana nywele, wakalishiana watoto, na kabla ya Krismasi ukuta kati ya nyumba zetu ulikuwa wa mwenye nyumba tu.

Kisha likaja juma la milango.

Nilisoma jinsi wana wa Israeli walivyoamriwa kupaka damu kwenye miimo ya milango yao na kizingiti cha juu, ili usiku ule mauti yapite bila kuingia, maana katika kila nyumba isiyopakwa angekufa kifungua mimba. Bibi Zelda aliuliza swali lake. Sikulisikia. Mimi nilikuwa kifungua mimba! Na Furaha vilevile! Njia nzima ya kurudi Euless nilihesabu wazaliwa wa kwanza wote niliowajua, nusu kwa hofu na nusu kwa ile raha ya ajabu ya kuwa mtu pekee katika jengo zima aliyekuwa na habari.

Jumapili alfajiri, Mama akiwa bafuni anajiandaa kwa kanisa, nilichukua chupa ya tomato sosi na mswaki wa zamani, nikapaka miimo ya mlango wetu. Kizingiti cha juu sikukifikia. Nilimwomba Mungu anihesabie. Kisha nikapaka mlango wa Furaha, kwa mkono wa ukarimu zaidi, kwa sababu yeye alikuwa kifungua mimba wa nchi iliyokuwa imepata taabu kuliko yetu. Nilikuwa bado nimeshika mswaki Mama Furaha alipofungua mlango kutoa taka.

Sijawahi kusikia tena sauti ile. Aliita watoto wake majina yote kwa pumzi moja, akawasukuma ndani, na baadaye nilijua kwamba aliwalaza ndani ya beseni la kuogea na kuwafunika kwa mwili wake. Milango ikafunguka ghorofa nzima. Mama yangu alitoka na taulo kichwani, akaona wekundu, akashika moyo. Kisha akanusa. Akapaka kidole, akakiweka ulimini.

“Tomato sosi!” alisema, na akacheka.

Alicheka kwa sauti, akiegemea ukuta, na majirani wakacheka naye. Nilipaza sauti kwamba ni mimi, kwamba ilikuwa kwa ajili ya vifungua mimba, na hilo likazidisha vicheko. Mama Furaha alikuwa ametoka tena, na mtoto mdogo kiunoni, uso umelowa machozi. Aliwatazama wote, akamtazama Mama mwisho. Akaingia ndani, akarudi na maji ya moto na kitambaa, akaosha mlango wake kimya, na tangu siku ile hakutujibu salamu.

“Lakini nimekosa nini mimi?” Mama alilalamika kwa rafiki yake Anti Wairimu, muuguzi aliyeishi ghorofa ya juu. “Nilicheka kwa sababu roho imetulia. Kwani ni dharau hiyo?”

“Achana naye, bana,” Anti Wairimu alisema. “Mtu anakasirikia sosi? Akija kuomba chumvi utamwonyesha duka liko wapi.”

Furaha ndiye aliyenieleza, tukisubiri basi la shule, kwani sisi watoto hatukuwa tumetangaza vita. “Kwetu banachoraka mlango mchana,” alisema, akitazama viatu vyake. “Na rangi nyekundu. Kisha mangaribi banakuya na bunduki. Yetu ilichorwa. Papa alikuwa mu nyumba.”

Mimi nilikuwa nimesoma kwamba alama nyekundu mlangoni ni uhai. Yeye aliishi mahali ambapo alama nyekundu mlangoni ilikuwa mauti. Hapo ndipo nilipojua, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba mtu anaweza kukuandikia baraka na wewe ukasoma hukumu, na wote wawili mkawa mmesema kweli. Nilipomsimulia Bibi Zelda, nilitarajia acheke pia. Hakucheka. Alikaa akipapasa kitambaa cha meza.

“Mama yangu mzazi, aliyewakimbia waua Wayahudi kabla sijazaliwa, angepiga kelele zile zile,” alisema. “Na mama yako anasemaje?”

“Anasema hakumaanisha vibaya.”

“Hapana shaka hakumaanisha. Soma, mpenzi. Kitabu bado ni kirefu.”

Na kweli kilikuwa kirefu. Bahari ikapasuliwa, mana ikaanguka, mlima ukatoa moshi, na kila juma niliingia nyumba ile ya maharage mbio kama mtu anayefuata mchezo wa redio. Baada ya ngurumo za Sinai, hata hivyo, lilikuja fungu la sheria tupu: ng'ombe anayepiga pembe, shimo lisilofunikwa, nguo iliyowekwa rehani. Nilichoka. Nilisoma kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya dawa, hadi nikafika kwenye punda.

Ukimwona punda wa mtu anayekuchukia, ilisema sheria, amelala chini ya mzigo wake, usipite ukamwacha. Umsaidie, pamoja naye.

“Simama hapo!” Bibi Zelda alisema, na uso wake ukawaka. “Punda wa nani?”

“Wa adui.”

“Kwa nini si wa rafiki?”

Niliurudia mstari kwa kidole, nikilitafuta jibu.

“Kwa sababu kwa rafiki huhitaji sheria, utakwenda mwenyewe. Wahenga wetu walikwenda mbali zaidi. Walisema, ukiwakuta wawili njiani, rafiki na adui, na wote wana shida na punda, anza na adui. Unajua kwa nini? Kwa sababu hapo unainua mizigo miwili kwa mkono mmoja, wa punda na ule ulio kifuani mwako.”

Mama alikuwa kwenye sinki, ametugeuzia mgongo sisi wawili. Niliona mikono yake imeacha kusugua.

“Na yule mwenye punda,” niliuliza, “akikaa pembeni tu? Akisema, ni wajibu wenu, inueni?”

“Swali zuri! Swali la mwanasheria!” Aliipiga meza kwa kiganja kizima. “Basi uko huru, nenda zako. Imeandikwa: pamoja naye. Hakuna anayeweza kuinuliwa asipotia mkono wake. Ila kabla ya kuondoka, mpenzi wangu, utazame vizuri. Mtu aliyekaa kwa uvivu na mtu aliyekaa kwa aibu hukaa namna moja.”

Niliondoka pale nikiwa nimejaa punda. Punda angekuja! Kabla ya Jumamosi nyingine punda angelala mahali fulani chini ya mzigo, na sisi tungempata. Shida ilikuwa Euless. Nilitazama pande zote za barabara kuu hadi shingo ikauma. Nilimuuliza mwalimu wa michezo kama kuna mtu anafuga punda Mansfield, kwa kuwa nilisikia huko kuna mashamba. Jumatatu hakuna. Katikati ya juma hakuna. Alhamisi mvua ya barafu ilishuka, ikafunika nyaya, ngazi na madaraja, na shule zikafungwa. Kulala kwangu kulikuwa kwa huzuni: punda gani atembee kwenye barafu?

Ijumaa asubuhi barabara zilimwagiwa mchanga, na wenye kazi wakatakiwa kazini. Mama alinivika koti la rangi saba. Anti Wairimu, ambaye gari lake lilikuwa gereji, alikwisha kukaa kiti cha mbele cha gari letu akipuliza mikono. Tulikuwa tumpeleke kwanza kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Pua zetu zilitoa moshi. Na pale, upande wa pili wa uwanja wa kuegesha magari, lilikuwa gari la Mama Furaha.

Lilikuwa gari kuukuu la kijivu, limejazwa masanduku hadi dirisha la nyuma. Alikuwa akiwasombea waumini wenzake vyombo vya kanisa kila baada ya kazi. Alikuwa ndani yake, amekaa wima, mikono juu ya usukani. Alizungusha ufunguo. Gari likakohoa kikohozi kimoja, kisha likanyamaza. Akazungusha tena, na mara hii hata kikohozi hakikuja. Furaha alikuwa amenieleza: mama yake alikuwa kwenye kipindi cha majaribio katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na bosi alikwisha kusema, kuchelewa mara moja ni kwaheri. Pasipo kazi ile hapakuwa na nyumba ya jirani, wala Furaha.

Nililitazama gari lile. Kijivu. Limelala. Chini ya mzigo.

“Mama!” nilipiga kelele. “Punda! Mama, punda yule pale!”

“Punda gani tena Euless?” Anti Wairimu aligeuka. “Huyu mtoto ameshikwa na baridi ya kichwa.”

Mama hakuuliza punda gani. Alikuwa ameshika mlango wa gari, na alitazama nilikotazama mimi, na nikaona taya zake zikikaza.

“Nekesa, usinianze asubuhi.”

“Ni punda wa mtu anayekuchukia! Na amelala!”

“Mama Nekesa, ingia twende,” Anti Wairimu alisema. “Mimi pia nina kazi. Huyo amekunyamazia mwezi mzima, leo ndiyo akumbuke majirani?”

“Anti, wewe ni rafiki,” nilimweleza kwa upole wote wa elimu yangu mpya. “Wewe ni wa pili.”

“Ati nini?”

Mama alifunga mlango wa gari akiwa nje. Alifungua buti, akatoa zile nyaya za jampa, za kuazimana umeme wa betri, ambazo Baba alimwachia na kumkataza kuziondoa humo. Kisha akaingia, akaliendesha gari letu taratibu juu ya barafu, Anti Wairimu akinung'unika kwa Kikikuyu, hadi magari mawili yakatazamana pua kwa pua. Akashuka na nyaya mkononi, akagonga boneti la Mama Furaha.

“Fungua!”

Mama Furaha alitazama mbele, kana kwamba sisi ni ukungu.

“Mama Furaha, fungua boneti! Nikupe moto!”

Mama aligonga tena, kisha akajaribu kuingiza vidole chini ya chuma. Akarudi nyuma na kunigeukia, na machoni mwake niliona kitu kilichofanana na ushindi.

“Umeona? Amekaa. Na bibi yako alisema, akikaa tuko huru. Nilisikia kwa masikio yangu.”

Alikuwa amesikia! Kila neno, akiwa kwenye sinki! Nami nilisimama kwenye barafu, kichwa kikizunguka kwa kasi ambayo sijaipata tena hata mbele ya walimu wa vyuo vikuu. Kwa maana nilikuwa nimetazama vidole vyake vikihangaika kwenye boneti lile, na nikaona jambo ambalo Musa hakulihitaji kuliandika kwa sababu punda hawana boneti.

“Lakini Mama, haifunguki kwa nje,” nilisema. “Kile kijiti kiko ndani, kwake, chini ya usukani. Hata ukitaka kumsaidia peke yako huwezi. Lazima iwe pamoja naye.” Kisha nikakumbuka lililobaki. “Na Bibi alisema tutazame kama amekaa kwa uvivu au kwa aibu.”

Ndege ilipita, kubwa, magurudumu nje, ikatufunika kwa kelele zake, na ilipokwisha kupita Mama alikuwa amesogea dirishani kwa Mama Furaha. Aliinama hadi uso wake ukawa usawa wa kioo. Hakugonga.

“Mama Furaha,” alisema. “Nilicheka.”

Usukani ulibanwa zaidi.

“Nilitoka na hofu kama yako. Nilipojua ni sosi, hofu yangu ikatoka kwa kicheko. Lakini wewe yako ilikuwa haijatoka. Ulikuwa bado ndani yake, na watoto, na mimi nikasimama mlangoni pako nikakucheka mbele ya watu. Ningetakiwa kukushika kwanza. Nisamehe, dada yangu.”

Kioo kilishuka, upana wa kiganja.

“Miye minalia,” Mama Furaha alisema, bado akitazama mbele, “weye unacheka. Weye, Mama Nekesa. Kama ni bale bengine, bon, bacheke. Lakini weye ulituletea chakula siku ya kwanza.”

“Najua.”

“Njo vile iliniuma.”

“Najua, mama. Nisamehe.”

Mkono mmoja wa Mama Furaha uliacha usukani. Ulishuka, ukapotea chini. Na boneti lile la kijivu likasema *tak*, likainuka upana wa kidole kimoja.

Wasomaji wangu, nimehudhuria mahafali, nimesikia kwaya kubwa, nimesikia kilio cha kwanza cha mwanangu; na bado sauti ile naiweka karibu kabisa na juu. Niliruka, nikateleza, nikakaa chini kwa makalio, nikasimama nikiruka.

Mama Furaha alitoka. Kile chuma cha kuegemeza boneti kilikuwa kimevunjika, basi alilishikilia mwenyewe kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, huku Mama akihangaika na nyaya, kwa kuwa hakukumbuka vizuri ipi inakwenda wapi.

“Nyekundu hapa, mama. Rouge. Hapa,” Mama Furaha alimwelekeza kwa kidevu. Kisha akatazama kile kibanio chekundu mkononi mwa jirani yake, na pembe ya mdomo wake ikasogea. “Tena nyekundu,” alisema. “Weye na nyekundu.”

“Heri hii, hailiki,” Mama alijibu.

“Mtanifanya nifukuzwe kazi, kweli kabisa!” Anti Wairimu alitoka garini akikanyaga barafu kwa viatu vyake vya kazini kama kuku kwenye matope. “Haya, leta hiyo boneti, mkono wako utakatika. Nishike wapi?”

Gari la kijivu liliunguruma kwa jaribio la tatu. Lilitikisika lote, masanduku yakacheza, na moshi mweupe ukapanda. Mama Furaha aliruka ndani, akatoa kichwa dirishani. Akampungia mkono Mama na kuondoka polepole juu ya mchanga. Furaha aliniambia jioni kwamba alifika getini wenzake wakiwa bado wanavua makoti. Anti Wairimu alichelewa, akasamehewa, na alitukumbusha jambo hilo kwa miaka.

Jumamosi sikusubiri Mama azime gari. Nilikimbia hadi kwenye meza ya Bibi Zelda, katika harufu ile ya maharage, nikamwaga yote bila kituo: barafu, gari, nyaya, kijiti chini ya usukani. “Alikuja! Nilikuambia fungu litakuja, na punda akaja siku ya mwisho kabisa!”

Aliugeuza uso wake pembeni ili anione vizuri zaidi.

“Mpenzi wangu, alisimama?”

“Alisimama! Akaenda kazini!”

Aliziba mdomo kwa viganja vyake na mabega yakatikisika. Kisha akanyoosha mkono kuelekea sinki, hewani, hadi Mama alipoelewa na kuja kuushika kwa vidole vyake vyenye povu. Bibi Zelda akanigeukia tena.

“Ila nikusahihishe, Nekesa. Kitabu hakikumleta. Punda yule alikuwa amelala pale juma zima, labda mwezi mzima. Wewe ulikuwa unamtafuta Mansfield.”

Nimekuwa mkali katika maisha yangu, na wanangu watawaambia hivyo bila kuulizwa. Sivumilii wasomao maandiko kwa ajili ya dhambi za jirani. Lakini ukali wangu una mizizi katika furaha ile: nilijua nikiwa mdogo kwamba sheria ya kale kabisa inaweza kusubiri katika uwanja wa magari, imefunikwa barafu, na kwamba ukiinama vizuri utaisikia ikifunguka.

Majuma yaliendelea, mwaka ukazunguka. Mwisho wa Torati ulisomwa na, bila hata kupumua, tukarudi pale mwanzo, kwenye giza na nuru. Sikuamini tena kwamba fungu ni tangazo, lakini nilimsimulia Furaha kila juma tukisubiri basi, naye akamsimulia mama yake akimsuka nywele au akitwanga majani ya muhogo. Likaja tena juma la milango. Nilisoma kwa utulivu, nikarudi nyumbani, nikalala, na chupa ya sosi ikabaki kwenye friji.

Jumapili asubuhi Mama alifungua mlango twende kanisani, akasimama ghafla hata nikamgonga mgongoni. Juu yetu, kwenye kizingiti cha juu kabisa, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, palikuwa na mstari mwekundu, mpana, ulionyooka, unaong'aa. Mama aliinua mkono, akapaka kidole, akanusa. Akakiweka ulimini.

“Mawese,” alinong'ona.

Hakucheka. Alisimama na kidole kikiwa bado midomoni, macho yamejaa, akiusikiliza ukuta. Nyuma ya mlango wa jirani palikuwa na kimya cha watu wengi wanaojizuia. Kisha Mama Furaha akapasuka kwa kicheko, kikubwa, cha tumboni, kikafuatwa na cha Furaha na cha wadogo zake. Na hapo ndipo, baada yake, mama yangu naye alipocheka.